Barua ya Walinzi wa Khan

Julai 1336, wakuu wa kikosi cha walinzi katika mji wa Khanbaliq, ambao leo ni Beijing, walimwandikia barua Papa Benedict XII huko Avignon. Hawakuomba fedha wala silaha. Waliomba askofu, kwa kuwa askofu wao, Giovanni da Montecorvino, alikuwa amefariki, na miaka minane ilikuwa imepita bila mchungaji.

Walinzi hao walikuwa Waalani, watu wa Milima ya Kaukasi. Mji wao wa Magas ulitekwa na Wamongolia majira ya baridi ya 1239 kuingia 1240, kisha vijana wao kwa maelfu wakavushwa nyika hadi China. Wamongolia waliwaita Asud. Hiyo -ud ya mwisho ni alama ya wingi, kama ilivyo wa- yetu mwanzoni mwa neno.

Wako wanaowaita mamluki. Kwa hawa wa China, mimi neno hilo silikubali. Mamluki hupatana ujira, na mapatano yakivunjika huenda zake. Waalani wa namna hiyo walikuwapo Bizanti, wakimtumikia Kaisari Andronikos II; na tarehe 30 Aprili 1305, mjini Adrianople, mkuu wao George alimuua Roger de Flor, jemadari wa Wakatalani waliomuulia mwanawe. Askari Mwalani wa Kublai Khan, mtawala Mmongolia wa China, hakuwa na mapatano ya kuvunja. Aliandikishwa, akahamishwa, akazaa watoto waliorithi upanga wake. Na hilo ndilo lililompendeza Khan: mlinzi asiye na mjomba wala shemeji mjini hana wa kumshawishi asaliti.

Kufikia 1336 karibu karne nzima ilikuwa imepita, na sidhani kama miongoni mwa walioandika yumo aliyewahi kuiona Kaukasi. Hata Ukristo wao ulikuwa umebadilika: mababu walikuwa Waothodoksi, wao wakawa Wakatoliki mikononi mwa Montecorvino, Mfransisko aliyefika huko 1294. Bado waliushika, na kwa ajili yake wakatuma wajumbe kuvuka bara zima. Ninapofikiria barua hiyo, naona watu waliopokonywa kila kitu isipokuwa sala.

Mjumbe wa Papa, Giovanni de' Marignolli, aliwasili Khanbaliq 1342, miaka sita baada ya barua kuandikwa. Alikaa nao miaka michache, kisha akarejea Ulaya.