Mtu Mwenye Kamera Nje ya Uzio wa Uwanja wa Ndege

Ninyi askari wa jeshi na polisi mlioko katika malindo na vituo vyenu, uchambuzi wetu wa leo unahusu jambo linaloweza kumkabili yeyote kati yenu akiwa zamu. Mtu asiyejulikana amesimama kando ya uzio wa uwanja wa ndege. Shingoni amening'iniza darubini, mkononi ana kamera yenye lenzi ndefu, na mfukoni ana daftari lililojaa herufi na tarakimu. Kila ndege inapotua hupiga picha, kisha huandika. Je, mtu huyo ni jasusi? Jibu la haraka laweza kumtia gerezani asiye na hatia, na jibu la kizembe laweza kuleta msiba. Kwa hiyo yatupasa kwanza tujue watu hao ni nani.

Katika Uingereza watu wa namna hii ni wengi, na wengine huirithi shughuli hiyo kutoka kwa wazazi wao. Mfano mzuri ni uwanja wa Heathrow, ulioko magharibi ya jiji la London, ambao ulifunguliwa kwa ndege za kiraia mwaka 1946. Uwanja huo una njia mbili za kurukia zilizolala sambamba, mashariki kwa magharibi, na umewekewa kikomo cha safari 480,000 za kuruka na kutua kwa mwaka. Kwa wastani hiyo ni kama mara 1,300 kwa siku. Mwaka 1955 lilifunguliwa hapo jengo liitwalo Queen's Building, ambalo juu ya paa lake wananchi waliruhusiwa kuja na watoto wao kuzitazama ndege. Baadaye paa hilo lilifungwa, lakini watazamaji hawakutoweka. Walihamia nje ya uzio. Mahali pao mashuhuri ni kiwanja kidogo cha majani mwishoni mwa mtaa wa Myrtle Avenue, karibu na ncha ya mashariki ya njia ya kusini. Hapo ndege kubwa hupita juu ya vichwa vyao sekunde chache kabla ya kugusa ardhi.

Wanachokiandika katika madaftari yao si maandishi ya mafumbo. Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa, uliotiwa saini Chicago mwaka 1944, unaagiza katika kifungu cha 20 kwamba kila ndege inayosafiri kimataifa iwe na alama za utaifa na usajili. Ndege ya Uganda huanza na alama 5X, ya Kenya 5Y, ya Tanzania 5H, ya Uingereza G na ya Marekani N. Alama hizo huandikwa kwa herufi kubwa ili zisomwe. Mtazamaji huzikusanya kama mwingine akusanyavyo stampu za barua. Hutaka kujua ndege ilitengenezwa lini, ilimilikiwa na shirika gani kabla ya kuuzwa, na siku gani ilionekana mara ya mwisho. Isitoshe, siku hizi ndege nyingi za abiria hutangaza zenyewe kwa redio utambulisho wao, kimo chake na mwendo wake, na mtu mwenye mtambo mdogo wa kupokelea aweza kuyasoma hayo akiwa nyumbani kwake.

Askari akiielewa kazi ya mpiga picha wa ndege, ataweza pia kuzielewa nyendo zake. Ndege hupenda kuruka na kutua zikiukabili upepo. Pale Heathrow upepo aghalabu huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo siku nyingi ndege hutua zikitokea upande wa mashariki, juu ya jiji. Upepo ukigeuka, watazamaji nao hufungasha na kuhamia upande wa pili. Vilevile mpiga picha hulipa jua kisogo ili mwanga uangukie ubavu wa ndege, ndiyo maana asubuhi utamkuta upande mmoja na jioni upande mwingine. Lenzi yake huifuata ndege. Haifuati lango, wala kibanda cha mlinzi, wala saa ya kubadilishana zamu. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini mlinzi mwenye macho huiona.

Askari wa jeshi watapenda kujua pia kwamba kutazama ndege kuliwahi kuwa silaha ya ulinzi. Katika vita vya anga vya mwaka 1940, rada za Uingereza zilielekezwa baharini. Ndege za Kijerumani zikishavuka pwani na kuingia nchi kavu, rada hizo hazikuweza kuzifuata vema. Kazi hiyo iliwaangukia raia wa kikosi cha Observer Corps, waliokesha vilimani na mashambani wakiwa na darubini na simu, wakiripoti aina ya ndege, idadi yake na upande iendako. Ripoti zao zilisaidia kuwaongoza marubani wa kivita, na mwaka 1941 kikosi hicho kilitunukiwa heshima ya kuitwa cha Kifalme.

Baada ya kusema hayo, tutazame yanayotokea pale askari na mtazamaji wasipoelewana. Mwezi Novemba 2001, katika mji wa Kalamata, kusini mwa Ugiriki, polisi waliwakamata watu 14, Waingereza 12 na Waholanzi 2. Walikuwa wamekwenda kwenye maonyesho ya ndege katika kituo cha jeshi la anga. Madaftari yao yalikutwa yamejaa namba za ndege, wakashtakiwa kwa ujasusi. Walikaa mahabusu wiki kadhaa kabla ya kupata dhamana. Mwezi Aprili 2002 mahakama iliwahukumu wanane kifungo cha miaka mitatu, na sita kifungo cha mwaka mmoja kilichoahirishwa. Walikata rufani, na mwezi Novemba mwaka huohuo mahakama ya rufani iliwaachilia wote 14. Mwaka mzima ulipita. Kesi hiyo ilitia doa uhusiano wa nchi mbili rafiki, ikawagharimu washtakiwa fedha na afya, na hatimaye hakupatikana jasusi hata mmoja.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba askari wa Ugiriki walikuwa wapumbavu. Mlinzi wa uwanja wa ndege ana sababu za haki za kuwa na wasiwasi. Mwezi Machi 1994 wapiganaji wa IRA walirusha makombora ya mzinga mdogo ndani ya Heathrow mara tatu katika muda wa siku tano. Bahati njema hayakulipuka. Karibu zaidi na kwetu, tarehe 28 Novemba 2002, magaidi waliojificha nje ya uwanja wa Mombasa waliirushia makombora mawili ndege ya abiria ya Israeli iliyokuwa ndiyo kwanza imeruka. Makombora yalikosa shabaha. Miezi michache baadaye, Februari 2003, serikali ya Uingereza ilipeleka askari wapatao 450 kulinda Heathrow kwa hofu ya shambulio la namna hiyo. Basi eneo la nje ya uzio, chini ya njia ya ndege, ni eneo la kulindwa kweli.

Lakini ni nani atakayekuwa wa kwanza kumwona mtu mbaya katika eneo hilo? Mara nyingi ni yule anayesimama pale kila wiki, anayejua gari gani ni la kawaida na lipi si la kawaida. Ndiyo sababu polisi katika baadhi ya viwanja vikubwa vya Uingereza na Marekani wameona heri kushirikiana na watazamaji badala ya kuwafukuza. Wamewapa namba ya simu ya kupiga waonapo jambo la kutilia shaka. Kwa njia hiyo askari wachache wamepata macho mengi bila kuongeza mshahara hata mmoja.

Wengine watauliza: je, namba ya ndege haiwezi kufichua siri ya dola? Yaweza. Tarehe 18 Desemba 2001 ndege ndogo ya aina ya Gulfstream, namba N379P, iliwachukua Wamisri wawili kutoka Stockholm hadi Cairo. Waandishi wa habari walipoifuatilia ndege hiyo na nyingine za namna yake, kumbukumbu na picha za watazamaji katika viwanja vya Ulaya ziliwasaidia kuonyesha jinsi shirika la ujasusi la Marekani lilivyokuwa likisafirisha watuhumiwa kwa siri. Mwaka 2006 Baraza la Ulaya lilitoa taarifa juu ya jambo hilo. Askari ajifunze hapo kwamba kitu kilichoegeshwa mbele ya macho ya abiria na wapita njia si siri, hata kikilindwa na bunduki. Kinachopaswa kufichwa kifichwe bandani, au kitue mahali pengine.

Na siri zilizo nzito aghalabu hazitoki kwa mtu wa nje ya uzio. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israeli walipovamia uwanja wetu wa Entebbe, walikuwa na habari nyingi kuhusu jengo la zamani walimowekwa mateka. Kampuni ya Israeli ilikuwa imeshiriki katika ujenzi uwanjani hapo, na mateka walioachiliwa mapema walihojiwa Paris na kueleza waliyoyaona ndani. Ramani za ujenzi na kumbukumbu za waliokuwa ndani zilikuwa na manufaa kuliko picha ya ndege inayotua.

Sheria nayo inatoa mwanga. Sheria ya Siri za Serikali ya Uingereza ya mwaka 1911 ilitaja mahali palipokatazwa, na michoro na ramani zilizokatazwa, lakini katika kosa la ujasusi ilitazama pia kusudi la mtu, yaani kama alikusudia kudhuru usalama wa taifa. Uingereza iliibadilisha kwa sheria mpya mwaka 2023, lakini nchi nyingi ilizozitawala, Uganda na Kenya zikiwamo, ziliandika sheria za namna hiyo. Aidha, kifungu cha 36 cha Mkataba wa Chicago kinairuhusu kila nchi kukataza au kusimamia upigaji picha kutoka ndani ya ndege zirukazo juu ya ardhi yake. Dola ina haki ya kuweka mipaka. Lakini mpaka huo sharti uonekane, hasa mahali kama Entebbe, ambako abiria na jeshi la anga ni majirani. Kibao kilichoandikwa wazi humwokoa raia na kumwondolea askari mabishano.

Basi askari afanyeje? Amwendee mtu yule kwa heshima, amsalimu, amuulize jina lake, atokako, na anachokipiga picha. Aombe kuonyeshwa daftari. Mpenda ndege wa kweli hufurahi kuulizwa, na pengine askari ndiye atakayechoka kusikiliza. Kama amesimama mahali palipokatazwa, aelezwe na aondolewe bila kofi wala tusi. Kama picha zake ni za malango, antena, silaha au ratiba ya walinzi, au maelezo yake yanapingana, azuiliwe na mkubwa wa kituo ajulishwe mara moja. Na katika hali yoyote ile, jina lake, saa na mahali viandikwe katika kitabu cha zamu, kwa kuwa habari iliyoandikwa leo huenda ikahitajiwa mwakani.

Ndugu askari, bunduki na sare mlivyopewa ni dhamana ya wananchi wote, pamoja na yule anayependa ndege kuliko usingizi wake. Mlinzi anayemkamata kila mwenye kamera atachoka upesi, na siku adui atakapokuja bila kamera, hatakuwa na nguvu wala rafiki wa kumwonya. Mlinzi anayeuliza, akasikiliza na kuandika, ndiye anayeulinda uwanja.