Maji hayakuzuia risasi

Mwaka 1964 ndugu zetu wa mashariki mwa Kongo waliasi. Uhuru wa 1960 haukuwa umewaletea kitu, na hasira ikawaka. Waliitwa Simba. Waganga waliwanyunyizia maji ya dawa, wakaenda vitani wakilia "Mai Mulele!", wakiamini risasi zitageuka maji. Tarehe 5 Agosti waliteka Kisangani, wakawashika wazungu mateka. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishuka kwa parachuti. Siku hiyo daktari mmisionari Paul Carlson aliuawa. Lakini wengi waliokufa katika vita hiyo ni Wakongomani wenyewe: makarani, walimu, wanakijiji.

Wachina nao walipita hapo. Mwaka 1900 vijana wao walioitwa Boxer waliamini risasi haiwaingii. Waliua wamisionari, na maelfu ya Wakristo Wachina wenzao. Nchi yao ikatozwa faini ya kulipa miaka 39.

Hapa Kolwezi tunasikia vijana wakinung'unika juu ya machimbo na kompani za Wachina. Tusiwaambie hawana neno. Tuwafundishe kulisema mchana, mbele ya sheria. Anayekuahidi kinga ya risasi, yeye hatatangulia mbele. Tusome Warumi 12:17-21.