Haki ya Kihamba: Aliyoyaona Mwanasheria Mgeni Huko Kilimanjaro

Mtu atafutaye sheria za nchi ya watu kwa kawaida huanzia mahakamani na katika vitabu vya Serikali. Bibi Sally Falk Moore, Mmarekani aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1945, hakudharau vitabu hivyo. Lakini alipoanza uchunguzi wake kwa Wachagga wa Tanzania, mwaka 1968, alitambua kuwa sehemu kubwa ya sheria imo migombani.

Huko miteremkoni mwa Kilimanjaro kila mtu hukaa katika kihamba chake, yaani shamba la migomba na mikahawa pamoja, na nyumba yake imo humo humo. Maji yaliteremshwa kutoka juu kwa mifereji waliyoichimba mababu, na mipaka ilionyeshwa kwa mimea ya masale. Jani la sale lina heshima kubwa: aliyemkosea mwenziwe akimpelekea jani hilo huwa ameomba radhi, na ni vigumu kumkataa.

Kwa desturi, mwana wa kwanza hupewa kihamba na babaye, na kitindamimba hubaki nyumbani akarithi kihamba cha baba mwenyewe. Je, wa katikati? Zamani neno hilo halikusumbua sana, kwani pori lilikuwa tele, na kijana aliweza kupatiwa ardhi mpya ailime. Lakini kahawa ilienea, hata wakulima wakaunda chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, mwaka 1933. Ardhi ikawa na thamani ya fedha, watu wakaongezeka, na pori mlimani likaisha. Aliyebanwa ni ndugu wa katikati. Mmoja aliteremka tambarare kulima mahindi, mwingine alikwenda mjini kutafuta mshahara, na mwingine alibaki akikitazama kihamba cha nduguye kwa uchungu.

Bibi Moore alirudi mlimani mara kadhaa, akasoma kumbukumbu za mahakama na kusikiliza habari za koo. Serikali ilikuwa imebadili mengi: mwaka 1963 zilipitishwa sheria za kuondoa mamlaka ya machifu na kuweka mahakama za mwanzo. Hata hivyo, mwenye kushinda kesi alirudi jioni kwa jamaa na majirani wale wale, akachota maji katika mfereji ule ule. Hukumu ya hakimu iliweza kumpa ushindi. Amani ya mpakani ilibidi aitafute kwao.

Katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1986, Bibi huyo alieleza ya kuwa hiyo iitwayo desturi ya mababu haikusimama mahali pamoja. Ilibadilika kwa muda wa miaka mia, ingawa jina lake lilibaki lile lile, na kila mdai aliitaja kwa upande wake.

Habari hizi si za Wachagga peke yao. Mkulima wa Kenya mwenye wana wengi na ekari chache anaijua shida hiyo. Baba agawaye shamba angali hai, mbele ya mashahidi na kwa maandishi, akimkumbuka na yule wa katikati, huwaachia wanawe ardhi. Anyamazaye huwaachia kesi.