Ukipotea Msituni kwa Hike, Simba Si Shida Yako: Hii Ndio Rada ya Kutoka Ukiwa Hai

Tuseme tu ukweli, siku hizi kila msee Nairobi ni mpanda milima. Fungua status Jumapili jioni: huyu yuko Longonot, yule amesimama chini ya mitambo ya upepo kule Ngong Hills amefungua mikono kama Yesu wa Rio, mwingine amekumbatia kibao cha Elephant Hill akijifanya hakulia njiani. Ni poa. Afadhali huko kuliko kushinda kwa local ukihesabu chupa. Lakini kuna picha moja haiwekwangi status, na yangu iko kwa kichwa tu juu simu ilikuwa imebakisha charji asilimia 6. Mianzi kila upande, ukungu, saa kumi na moja na nusu jioni, na hakuna mtu.

Ilikuwa Elephant Hill, kusini mwa Aberdare, pale unaingilia Njabini. Mbogi yetu ilikuwa ya watu karibu 40, organaiza simtaji, na kwa kushuka kila mtu alishuka na spidi yake. Wa mbele walikuwa wanakimbilia mat, wa nyuma walikuwa wamekufa miguu. Mimi nilikuwa katikati pekee yangu. Nikaingia kichakani dakika tano kujisaidia, nikatoka, nikarudi kwa njia. Ama kitu nilifikiria ni njia. Dakika ishirini baadaye nikakanyaga kinyesi ukubwa wa sufuria ndio nikagundua hiyo barabara ilichongwa na ndovu.

Nilitoka, ndio maana unasoma hii. Lakini nilitoka kwa bahati, si kwa akili, na tangu hiyo siku nimekuwa nikisumbua kila renja na kila muongozaji nakutana naye na maswali. Hii ndio nimeokota.

Kitu itakumaliza si ile unafikiria

Uliza mtu wa Umoja ama Rongai ni nini inaua watu msituni, atakuambia simba, chui, nyoka. Na enyewe Aberdare iko na ndovu, nyati na chui, hiyo si mchezo. Lakini kitu inakufikia mapema kuliko hao wote ni baridi. Na si lazima iwe baridi ya theluji. Ni baridi ya kawaida tu, ukiwa umelowa.

Cheki hesabu. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kama digrii 6 hivi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kilele cha Elephant Hill kimepita mita 3,500. Hiyo ni kama digrii 11 chini ya mtaa wako, saa hiyo hiyo. Sasa toa jua, weka upepo, weka ile mvua ya Aberdare haiulizangi ruhusa. Na maji hunyang'anya mwili joto mara kama 25 zaidi ya hewa kavu, so ukilowa ni kama umejipeleka kwa friji na ukafunga mlango ukiwa ndani.

Mwili hufanya kazi kwa digrii 37 hivi. Ukishuka chini ya 35, injini inaanza kukohoa. Kwanza ni kutetemeka. Halafu vidole vinakataa kazi, huwezi hata kufunga zipu. Halafu ulimi unakuwa mzito, msee anaongea kama mlevi na anajikwaa kwa kila mzizi. Hapo bado unaweza kumwokoa. Noma ni akiacha kutetemeka na hajapata joto. Watu hudhani ameanza kuskia vizuri, kumbe mwili umechoka kupigana. Wengine wakifika hapo huanza kuvua nguo juu kichwa kinawadanganya wanaungua. So beshte yako akikuambia, "Niko sawa, wacha nilale hapa kidogo tu," usimwachie. Mtoe nguo zenye zimelowa, mvalishe kavu, mfunike kichwa, mkae mmeshikana. Kama ako macho na anaweza kumeza, mpe kitu moto chenye sukari. Ile kanywaji mnabebanga "ya kutoa baridi" iacheni kwa mat. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, unaskia moto kwa uso na joto la ndani linatoroka.

Hapa ndipo nguo zinaingia. Mimi nilikuwa na jinzi na hudi ya pamba, nikikaa freshi kabisa kwa picha. Pamba hunywa maji kama matope na haikauki. Afadhali hata jezi yako ya Arsenal ya polyester, juu yake sweta ya sufu ama ile flisi ya mtumba Gikomba au Toi, halafu koti la mvua juu kabisa. Na soksi kavu kwa begi zimefungwa vizuri, za kuvaa usiku pekee. Hizo soksi, manze, usizicheke.

Umepotea? Kaa chini

Hii ndio ilinishinda. Nilipojua nimepotea, nilitembea dakika zingine arobaini. Si ati nilikuwa na mpango. Ilikuwa aibu. Sikutaka kuwa yule msee wa kuchelewesha mat, yule atachekwa kwa grupu ya WhatsApp wiki mzima. Aibu imepeleka watu wengi ndani ya msitu kuliko ramani mbaya.

Fikiria venye watu hutafutwa. Wanaanzia penye ulionekana mwisho, wanapanua mduara. Ukitembea saa moja kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa, huo mduara umefika kilomita 28 za mraba, karibu mara tatu ya Karura nzima. Ukikaa, ni kama hujaondoka.

So kaa chini, kunywa maji, vuta pumzi. Jiulize mara ya mwisho ulikuwa na uhakika wa njia ni wapi. Kama ni hapo karibu, unaona nyayo zako na bado kuna mwanga, rudi pole pole ukiweka alama. Kama hujui, baki hapo.

Na usingoje giza likuamulie. Kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, mwaka mzima, na likishazama giza halibembelezi. Ndani ya mianzi linaingia mapema hata zaidi. Sheria yangu siku hizi ni moja: ikifika saa kumi na moja na sijui niko wapi, naacha kutafuta njia naanza kutafuta pa kulala.

Mtu atakuambia, "Fuata mto utakupeleka kwa watu." Huyo hajaona mito ya Aberdare. Ni huko huko maporomoko ya Karuru yanaanguka jumla ya mita 273. Mto hauogopi kuruka, wewe ukona miguu miwili tu.

Pa kulala si chini kabisa ya bonde, juu hewa baridi hushuka na kukaa huko kama maji. Si juu mlimani kwa upepo. Si chini ya mti mkavu, na tafadhali si kwa ile barabara ya ndovu. Tafuta mahali upepo umezuiwa, halafu anza kukusanya majani, mengi, yale makavu unaweza kupata. Watu hukimbilia kujenga paa na wanasahau ardhi ndio mwizi mkubwa. Weka majani unene wa godoro chini yako, kalia begi, ingiza miguu ndani ya begi ikitosha. Mkiwa wengi, kaeni mmebanana kama mat ya jioni ya Thika Road. Hii si saa ya kuonea mtu haya.

Simu, maji, na zile vitu za YouTube

GPS ya simu haihitaji bundles wala network. Kama ulipakua ramani ukiwa kwa WiFi, ile alama ya bluu itakuonyesha uko wapi hata msituni, ingawa chini ya miti minene inaweza kuchelewa kidogo. Pakua Ijumaa, si ukiwa Njabini. Ukipotea, piga 112 au 999. 112 inaweza kupita kwa network yoyote iko karibu, hata kama laini yako haina kitu. Simu ikikataa, tuma SMS, juu SMS hupenya penye simu imeshindwa. Andika namba za mahali uko venye ramani inazionyesha, mko wangapi, nani ameumia, na useme umebaki hapo hapo. Ukishatuma, zima data, punguza mwanga, weka simu karibu na ngozi. Baridi hula betri. Mimi asilimia 6 yangu niliitumia kuwasha tochi kama mjinga. Tochi ya kichwa na filimbi ndizo vitu viwili naweza kukopa pesa kununua. Puliza mara tatu, nyamaza uskize, rudia. Ukipiga kelele, sauti inaisha usiku haujafika mbali. Filimbi haichoki.

Wale wanafundisha hii kazi huwa na hesabu ya tatu: dakika 3 bila hewa, masaa 3 bila kinga hali ya hewa ikiwa mbaya, siku 3 bila maji, wiki 3 bila chakula. Si sheria ya Musa, lakini inakuonyesha foleni. Chakula kiko nyuma kabisa, so wacha kuonja uyoga na matunda huyajui juu uliona mzungu fulani akifanya hivyo kwa TV. Njaa ya usiku mmoja haijaua mtu.

Maji ya mto yachemshwe hadi yatokote kabisa dakika moja, na ukiwa juu ya mita 2,000 fanya dakika tatu. Ama beba tembe za klorini, ni nyepesi kuliko chewing gum. Chupa beba ile ya kujaza tena. Zile plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwa mbuga na misitu inayolindwa tangu Juni 5, 2020, na walinzi wa lango wanaweza kukurudisha nazo.

Moto kwa mianzi yenye imelowa ni ngori, na kuwasha ovyo msituni ni hatia. Lakini kama ni maisha yako, kipande cha tyubu ya baiskeli huwaka hata kwa unyevu na hukupa dakika za kushikisha vijiti vikavu. Mko na hema? Jiko la makaa lisiingie ndani, hata kama mnatetemeka. Ile hewa yake haina harufu, na mtalala msiamke.

Nyoka: kule Longonot na sehemu kavu, bafe hulala tu kwa njia na haondoki ukimkaribia. Angalia penye unakanyaga. Akiuma, usikate, usifyonze, usifunge kamba ya kukaza, na ile jiwe jeusi ya kunyonya sumu waachie wenyewe. Toa pete na saa, fanya huo mguu usisonge, mbebe hadi hospitali. Nyati na ndovu hawapendi kushtuliwa, so ongea ukitembea, na ukiwaona mbali, barabara ni yao.

Mpango wa miezi, si wa Ijumaa usiku

Kuna stori moja ya hapa Kenya huwa inanimaliza. Mwaka wa 1943, Mwitaliano anaitwa Felice Benuzzi, mfungwa wa vita wa Waingereza kule Nanyuki, alitoroka kambi na wenzake wawili. Si kurudi kwao. Walitaka tu kupanda Mt. Kenya. Picha ya mlima walikuwa nayo kwa lebo ya mkebe wa nyama. Vifaa walijitengenezea kwa vyuma vya kuokota, chakula wakaweka akiba kidogo kidogo kwa miezi. Wawili wao walifika Lenana, mita 4,985, wakaweka bendera, na wote watatu wakashuka wakajirudisha wenyewe kambini. Wafungwa walijipanga miezi. Sisi tunalipa hike Ijumaa saa tano usiku tukiwa tumelewa, halafu tunauliza kama kuna duka huko juu.

Angalau uliza organaiza maswali matatu kabla utume doo: nani anatembea wa mwisho kabisa, mtahesabiwa wapi, na renja yuko? Akikujibu na emoji ya kucheka, hiyo pesa nunua nyama.

Yetu hakukuwa na wa mwisho. Walihesabu watu wakiwa kwa mat, karibu saa moja usiku. Mimi nilikuwa nimekalia begi chini ya mianzi, meno yanapiga kama cherehani, nikiwa nimeanza kuskia usingizi mtamu. Saa mbili na nusu hivi nikaskia filimbi mbali. Nikajibu kwa kugonga mwanzi na jiwe, tatu tatu, juu sauti ilikuwa imeisha. Renja alinivalisha koti lake, akanipa chai ya thamosi, halafu akaniuliza swali moja tu.

"Kijana, nyumbani wanajua uko huku?"

Nilikuwa nimemwambia mathee naenda Juja kwa beshte yangu kufua.

Siku hizi kabla niingie lango lolote namtumia SMS: jina la mlima, tunaingilia wapi, namba ya mat, simu ya organaiza, na saa yenye akinikosa apige simu. Hujibu venye mathee hujibu: "Sawa. Umebeba sweta?"