BOMBA BOVU LA NYUMBANI NI MZIGO WA NANI?

Mji wa Morogoro umekaa chini ya tangi alilolijenga Mwenyezi Mungu mwenyewe. Milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake vimepita mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, huzipokea pepo zenye unyevu zitokazo Bahari ya Hindi, na mvua inyeshayo huko juu huteremka kwa mito ya Morogoro, Kilakala, Bigwa na Ngerengere hadi miguuni pa nyumba zetu. Si miji mingi ya Tanzania iliyojaliwa hivyo. Hata Dar es Salaam hutegemea sehemu ya maji haya, kwa kuwa Ngerengere humwaga katika Ruvu. Hata hivyo, ndugu msomaji, si jambo la ajabu kupita alfajiri Mji Mpya, Chamwino au Kihonda ukazikuta ndoo zimepanga mstari kama watu wangojao mshahara.

Habari za vyanzo zimekwisha kuandikwa sana, na ni haki ziandikwe. Bwawa la Mindu lilijengwa juu ya mto Ngerengere katika miaka ya 1980, wakati mji huu ulipokuwa ukijaa viwanda. Mitambo ya kusafishia maji ya Mafiga na Mambogo ilikarabatiwa kwa fedha za Marekani katika mpango wa Millennium Challenge, uliomalizika mwaka 2013. Hayo ni mambo makubwa, na wakubwa wameyakatia utepe. Leo sisi twataka kusema juu ya jambo dogo lisilokatiwa utepe na mtu yeyote, nalo ni bomba lililomo ndani ya ukuta wa nyumba. Fedha zote zile na kazi yote ile hupita katika mita, huvuka ua, kisha huingia katika bomba la nusu inchi ambalo babu wa mwenye nyumba alilitia zamani za viwanda, na ambalo tangu siku ile halijaonwa na jicho la binadamu.

Yafaa tuelewe kwanza jinsi bomba linavyokufa. Mabomba mengi ya zamani ni ya chuma kilichovikwa zinki. Zinki ile ndiyo nguo ya chuma. Maji huila kidogo kidogo, na ikiisha, chuma hubaki uchi na kutu huanza. Kutu haitoboi upesi. Kwanza huvimba kwa ndani, ikauziba mwanya wa bomba mpaka tundu la nusu inchi linabaki kama tundu la penseli. Mwenye nyumba husema, "Siku hizi Mamlaka hawatoi maji ya kutosha," kumbe maji yamefika mlangoni kwake yakakosa njia ya kupita. Baadaye bomba hutoboka, na mara nyingi hutobokea penye maungio, kwa sababu fundi alipochonga meno ya kukazia soketi aliupunguza unene wa chuma mahali pale. Tena penye koki ya shaba iliyokazwa juu ya bomba la chuma, chuma huliwa upesi zaidi, kwa maana madini hayo mawili yakilowa pamoja, moja humla mwenzake.

Liko jambo baya kuliko kuvuja. Watu wengi hudhani ya kuwa tundu katika bomba ni la kutolea maji tu. La! Maji yanapokuwapo yenye nguvu, hutoka. Lakini siku ya mgawo, maji yanapokatwa na bomba linapobaki tupu, tundu lile lile huvuta. Kilicho karibu nalo ndicho huingia: tope, maji ya mfereji, na pengine maji ya shimo la choo lililochimbwa hatua chache kutoka hapo. Kesho yake koki ikifunguliwa, maji yale ya kwanza ndiyo anayopewa mtoto kabla ya kwenda shule. Maji yalitibiwa Mafiga yakawa salama, yakaja kuharibikia uani petu. Homa ya matumbo na kipindupindu havihitaji mlango mpana zaidi ya huo.

Wala tusidhani ya kwamba mambo haya ni ya nchi maskini peke yake. Mwezi wa Aprili mwaka 2014, mji wa Flint katika jimbo la Michigan, Marekani, uliacha kununua maji ya Detroit ukaanza kutumia maji ya mto wake, na wenye mamlaka hawakutia dawa ya kuyalinda mabomba yasiliwe. Mabomba ya zamani yalikuwa na risasi. Risasi ile ikayeyuka ikaingia katika vikombe vya watoto. Wakati huo mji ule ulikuwa na watu karibu 100,000, na wengi wao walikuwa weusi na watu wa kipato cha chini. Walilalamika juu ya rangi na harufu ya maji muda mrefu kabla ya kusikilizwa. Bomba la kale lilikuwa kimya miaka mingi, na lilipoanza kusema lilisema kwa damu za watoto.

Sasa tuje kwenye ugomvi wenyewe, yaani nani alipe. Wafanyakazi wengi wa mji huu hawakai katika nyumba zao. Hukaa katika nyumba za kupanga, vyumba sita au vinane vinavyotazamana uani, koki moja na mita moja. Ankara ikija hugawanywa kwa vichwa. Bomba likianza kuvuja chini ya ardhi, ankara hupanda na hakuna ajuaye sababu; basi fitina huingia. Mama mwenye mtoto mchanga huambiwa kuwa anafua nepi kupita kiasi. Kijana wa chumba cha mwisho huambiwa kuwa anaoga mara tatu kwa siku. Tumeona watu waliokula mwezi wa Ramadhani sahani moja wakinuniana kwa ajili ya maji ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyatumia.

Hesabu yake ni nyepesi, na kila nyumba yaweza kuifanya. Weka chupa ya nusu lita chini ya koki inayodondoka. Ikijaa kwa nusu saa, jua kwamba unapoteza lita 24 kwa siku, na kwa mwezi wa siku 30 ni lita 720, yaani ndoo 36 za lita 20. Hiyo ni koki moja tu, tena ile unayoiona. Bandu bandu huisha gogo. Ripoti za EWURA kwa miaka mingi zimeonyesha kwamba katika miji yetu karibu theluthi moja ya maji yanayotolewa hayaingizi senti. Sehemu yake ni wizi, sehemu ni mita mbovu, na sehemu ni mabomba ya barabarani ambayo Mamlaka yenyewe inapaswa kuyaziba bila kungoja kupigiwa simu mara tano. Lakini yakishapita kwenye mita, maji ni ya nyumba, na hasara ni ya nyumba.

Maoni yetu sisi ni haya. Bomba lililozikwa ardhini au ndani ya ukuta ni sehemu ya nyumba kama ulivyo msingi na paa, na mwenye nyumba apokeaye kodi kila mwezi hana budi kulitengeneza kwa fedha za kodi ile. Mpira wa koki uliochakaa kwa kutumiwa, huo waweza kuwa juu ya mpangaji. Bei yake ni ndogo, na haina haja kumtafuta mzee wa watu Dar es Salaam kwa ajili yake. Ikiwa mwenye nyumba hana fedha kwa wakati ule, wapangaji wakubaliane naye kwa maandishi, watoe wao, wazitunze risiti, na fedha zikatwe katika kodi. Kwa maandishi, twarudia. Maneno ya barazani hayakumbukwi sawasawa na pande mbili.

Kabla ya kuvunja ukuta, wakaaji wa nyumba na wachunguze. Usiku, watu wote wakiisha kulala, fungeni koki zote, msome mita, mkaisome tena alfajiri kabla mtu hajachota. Usiku ndio wakati mzuri, kwa kuwa matumizi ya mji hupungua na msukumo wa maji yateremkayo kutoka mlimani huzidi. Mita ikiwa imesogea, maji yanapotea. Kisha usiku wa pili fungeni koki kuu iliyo ukutani pa nyumba: kama mita bado yasogea, ubovu uko kati ya mita na nyumba, kama imesimama, ubovu uko ndani. Na maji yakitoka mekundu asubuhi kisha yakasafika baada ya muda mfupi, kutu ni ya bomba lenu. Yakiwa na rangi ya udongo mchana kutwa, na kwa jirani vilevile, basi hilo si la fundi wenu, ni mvua ya Uluguru.

Kuhusu udongo ule, neno moja la kando. Watu wa mjini wapenda kuwalaumu Waluguru kwa kulima miteremko. Serikali ya kikoloni nayo ilitaka kuwalazimisha kuchimba matuta, na mwaka 1955 watu wa Matombo wakaikataa amri ile kwa fujo hata mpango mzima ukaachwa. Kazi iliyo njema, mtu akiletewa kwa kiboko, ataichukia. Twayasema haya kwa sababu wako wanaotaka kila nyumba yenye bomba bovu itozwe faini. Sisi hatuoni hivyo. Mjane anayeishi kwa kodi ya vyumba viwili akitozwa faini, bomba lake litabaki bovu na yeye atabaki na deni.

Tukirudi kwa fundi: kamba ya tyubu ya baiskeli iliyofungwa juu ya tundu ni dawa ya kukuvusha usiku mmoja, si dawa ya mwaka. Bomba likitoboka mahali pa tatu, usilishone tena. Limekwisha. Badilisha kipande chote kutoka koki hadi koki. Mafundi wa sasa hutumia mabomba ya plastiki. Yale ya PPR huunganishwa kwa kuyayeyusha kwa mashine ya moto, nayo hayashiki kutu kamwe. Ila jua huyachakaza, basi yale ya nje yafukiwe futi moja na nusu, yawe mbali na shimo la choo. Fundi asikubaliwe kupiga lipu kabla bomba halijajazwa maji na kuachwa na msukumo wake usiku kucha mbele ya macho ya mwenye nyumba. Maji ya kwanza yamwagwe, na ya siku zile za mwanzo yachemshwe.

Hatari moja mafundi bomba wengi hawaisemi. Katika baadhi ya nyumba za zamani, waya wa umeme unaoshuka ardhini ulifungwa juu ya bomba la maji la chuma. Ukiling'oa bomba lile ukatia plastiki, umeme uliovuja hauna tena njia ya kwenda chini, na mtu atakayegusa pasi mbovu ndiye atakuwa njia. Fundi umeme mwenye leseni aitwe kwanza, aangalie, apige chuma kingine cha ardhini ikiwa chahitajika. Gharama ya siku moja ya fundi si kitu mbele ya msiba.

Miezi ya Julai hadi Septemba ardhi ya Morogoro huwa kavu, na mtaro huchimbika bila kujaa tope. Wenye nyumba wanaotaka kuchimba wachimbe wakati huo, kabla ya vuli, na wenye nyumba mbili tatu zinazopakana wamwite fundi mmoja na kununua mabomba kwa pamoja, ili kila mmoja asilipie gari lake.