Bibi Yetu wa Rebero na Daftari Lake

Bibi yetu alifariki mwaka 2023 huko Rebero, Kigali, nyumbani kwa shangazi. Wengi mliokuwa nasi Gihembe mmetuomba tuandike habari zake, nasi wajukuu wake tulio hapa Mahama tunaandika. Ndugu zetu Warundi hawakumjua, basi wavumilie kidogo.

Bibi alitoka Masisi mwaka 1996. Alikaa kambi ya Mudende na aliona mashambulizi yote mawili ya mwaka 1997, ya Agosti na ya Desemba. Babu hakufika mbali baada ya hapo. Tulipohamishiwa Gihembe, kule Byumba, alikuwa mgonjwa tayari, na akazikwa kule mlimani.

Ndipo Bibi alipoanza kazi yake. Kila Jumamosi alichukua jembe akaenda kupalilia kaburi la mumewe. Akimaliza, anapalilia na la jirani, halafu na la yule asiye na mtu. Akina mama wengine wakamfuata. Walikuwa wanasali rozari huku wanalima, na mvua ya Byumba mnaijua! Siku ya mgao, mama aliyejifungua alipelekewa unga na Bibi kabla sisi hatujapikiwa. Tulinung'unika, tuseme ukweli. Njaa ilikuwa inauma.

Mwaka 2019 miguu ilimshinda, shangazi akamchukua Rebero ili awe karibu na hospitali. Rebero ni kilima cha Kicukiro, ukisimama juu unauona mji wote. Hapo pana makaburi ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Wamelazwa watu zaidi ya 14,000, pamoja na wanasiasa waliouawa kwa sababu walikataa mauaji yale. Hao hukumbukwa kila tarehe 13 Aprili, siku ya kufunga juma la maombolezo.

Bibi alielezwa habari za mmoja wao, Landoald Ndasingwa, waziri wa kazi, ambaye wengi walimwita Lando. Aliuawa tarehe 7 Aprili 1994 pamoja na mkewe Hélène, watoto wao Malaika na Patrick, na mama yake mzazi. Bibi hakuuliza juu ya waziri. Aliuliza juu ya yule mama: "Kumbe bibi alikufa na wajukuu wake?" Akanyamaza mpaka jioni.

Alipoona majina yameandikwa pale, alirudi akamwambia shangazi anunue daftari. Yeye kusoma hakujua. Alikaa kitandani akitaja, mjukuu anaandika: nani amezikwa Gihembe, mtoto wa nani, upande gani wa njia, karibu na kaburi la nani. Siku nyingine majina matatu, siku nyingine kumi. Akikosea, anaamka usiku kusahihisha, na mwandishi anaamshwa naye!

Mwaka 2021 Gihembe ikafungwa kwa sababu ya makorongo yaliyokuwa yanakula kambi. Watu wakaletwa huku Mahama, makaburi yakabaki. Habari hiyo ilimuumiza Bibi kuliko ugonjwa.

Alipofariki tulibishana. Wajomba walitaka alale karibu na Babu, wengine tukataka aletwe Mahama. Gari la kwenda Byumba lilizidi uwezo wetu, na shangazi alikuwa amechoka. Tulimzika Rusororo, makaburi ya mji. Wajomba wawili bado hawajaturidhia, na sisi wenyewe hatuna hakika kama tulifanya sawa.

Daftari tunalo. Mwenye mtu wake Gihembe aje tutafute jina lake pamoja. Na kama tutapatikana wa kutosha kuchangia gari, tunataka kwenda kupalilia kabla ya mvua. Majembe manne yapo. Tuulizeni Jumapili baada ya misa, mlangoni.