Mapigo 46 kwa Dakika: Ugonjwa au Mazoezi?

Mshike kifundo cha mkono mkimbiaji wa miaka 17 asubuhi, kabla hajainuka kitandani, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Usishangae ukipata 46. Mama yake anaweza kuwa na 72. Hapa Kiuu, ambako vijana huamka alfajiri kukimbia kando ya barabara ya Thika kabla msongamano wa Githurai 45 haujaanza, hesabu kama hiyo imewatia wazazi wengi wasiwasi bure. Mara nyingi inaonyesha tu kwamba mazoezi yamefanya kazi yake.

Mwili wa mtu mzima aliyepumzika huhitaji takriban lita 5 za damu kwa dakika, awe mwanariadha au asiwe. Tofauti iko kwenye kila pigo. Moyo wa mama hutoa kama mililita 70 kila unapopiga, na wa mkimbiaji huyu zaidi ya 100. Ni kama nissan ya abiria 14 na basi la abiria 33: ukibeba wengi kwa safari moja, huna haja ya kwenda mjini na kurudi mara nyingi. Akikimbia kwa nguvu zote, mapigo ya kijana hufika 200 hivi, afanye mazoezi asifanye. Kinachobadilika ni kiasi cha damu: asiye na mazoezi husukuma lita 20 hivi kwa dakika, ilhali mabingwa hupita 30.

Moyo hupanuka kwa sababu mbio ndefu hurudisha damu nyingi kwa nguvu, na chumba chake cha kushoto hutanuka kuipokea. Baada ya miezi kadhaa, chumba hicho huwa kikubwa zaidi na ukuta wake hunenepa kidogo. Daktari Msweden, Salomon Henschen, aliugundua moyo huo mkubwa mwaka 1899 kwa kugonga vifua vya watelezaji wa theluji kwa vidole vyake.

Mishipa nayo haibaki nyuma. Damu inapopita kwa kasi husugua utando wa ndani wa mshipa, na utando huo hutoa gesi ya oksidi ya nitriki inayolegeza misuli ya mshipa ili upanuke. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1998 kwa kazi yao juu ya gesi hiyo. Utando ukizoezwa hivyo mara kwa mara, mishipa hubaki laini na presha hushuka. Ndani ya misuli ya miguu, vimishipa vidogo huongezeka.

Wengi husema uwezo huu ni wa kuzaliwa. Lakini mtafiti Bengt Saltin na wenzake walipowapima wakimbiaji na wavulana wa Kenya miaka ya 1990, waligundua kwamba wavulana waliozoea kutembea na kukimbia kila siku walikuwa na uwezo mkubwa wa kutumia oksijeni kuliko wenzao waliokaa tu. Mtoto wa Kiuu anayepelekwa shuleni kwa bodaboda, na kurudi mtaani kusiko na uwanja, hukosa zoezi hilo.

Lakini si kila moyo mkubwa ni mzima. Tarehe 26 Juni 2003, mwanasoka Marc-Vivien Foé wa Cameroon, mwenye miaka 28, alianguka uwanjani Lyon na kufariki. Uchunguzi ulionyesha ugonjwa wa kurithi unaonenepesha ukuta wa moyo. Katika ugonjwa huo ukuta hunenepa bila chumba kupanuka. Kwa mwanariadha mzima chumba hupanuka, na akipumzika kwa wiki kadhaa ukuta hupungua unene. Wanariadha weusi wakati mwingine huwa na ukuta mnene kuliko wenzao Wazungu, kwa hiyo mwambie daktari anayesoma picha ya moyo kwamba mtoto hufanya mazoezi, ni ya aina gani na kwa muda gani.

Kwetu kuna hatari nyingine inayoanzia kooni. Koo linalouma kwa sababu ya bakteria, lisipotibiwa, linaweza kuleta homa ya baridi yabisi ambayo huharibu vali za moyo. Kijana mwenye homa na maumivu ya koo apelekwe hospitali, na asirudi mazoezini hadi apone.

Kila kocha aulize mambo matatu kabla ya msimu: umewahi kuzimia au kuumwa na kifua ukiwa unakimbia? Unaishiwa pumzi kuliko wenzako wa kiwango chako? Kuna mtu wa ukoo wenu aliyefariki ghafla akiwa kijana? Jibu moja la ndiyo linatosha kumsimamisha mchezaji hadi apimwe umeme wa moyo.

Na mchezaji akianguka bila kugongwa na mtu, wala hapumui kama kawaida, usimpe maji. Mmoja aite msaada. Mwingine akandamize katikati ya kifua kwa mikono miwili, kwa kina cha sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mwanasoka Christian Eriksen alianguka uwanjani Copenhagen mwaka 2021, akakandamizwa kifua papo hapo na kushtuliwa moyo kwa mashine, na hatimaye akarudi kucheza. Viwanja vyetu vingi havina mashine hiyo, lakini kukandamiza kifua ni jambo ambalo timu nzima inaweza kujifunza jioni moja.